Gari ya 310 na Boksi la Kilo Kumi

Kutoka Mjini hadi Makunduchi hakufiki kilomita 70, na mimi nilikwenda Mombasa na Muscat kabla ya kufika huko. Najua siko peke yangu. Sisi tuliozaliwa Mji Mkongwe tuna tabia ya kuisikia kusini ya Unguja kwa wenzetu: kuna mwani, kuna pweza, kuna Mwaka Kogwa, na Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mbunge wa jimbo la Makunduchi kuanzia 2010 hadi 2015. Basi, yameisha. Kilichonitoa mjini hatimaye ni boksi la mchezo, lililokuwa limekaa juu ya kabati kwa mama likikosa watu wa kulicheza.

Mchezo wenyewe unaitwa Gloomhaven. Ulibuniwa na Mmarekani Isaac Childres, na haukupitia kwa mchapishaji mkubwa wala mkopo wa benki. Aliwaomba watu wamchangie mtandaoni, mwaka 2015 kwa uchapaji wa kwanza, na 2017 kwa uchapaji wa pili, ambao peke yake ulikusanya karibu dola milioni 4. Ndani ya boksi mna kadi zaidi ya 1,700, vinyago vidogo vya plastiki, mbao za ramani za kuunganisha, na visa 95 ambavyo wachezaji, kuanzia mmoja hadi wanne, huvipitia kimoja baada ya kingine kwa miezi. Uzito wake unakaribia kilo 10. Ukiubeba mkononi kutoka bandari ya Malindi hadi Shangani, utatua njiani.

Mtandao uliotumika ni Kickstarter, uliofunguliwa Marekani mwaka 2009. Mbunifu anaweka picha, video na maelezo, anataja kiasi anachokihitaji na siku ya mwisho. Watu wanaahidi. Siku ikifika na kiasi hakijatimia, hakuna anayekatwa hata senti. Kikitimia, kadi za benki za wote zinakatwa kwa pamoja, mtandao unachukua asilimia 5 yake, na mbunifu anakwenda kutafuta kiwanda, mara nyingi China. Mchangiaji anabaki kungoja, mwaka mmoja au miwili, wakati mwingine zaidi. Watu wanangoja kwa maelfu: Exploding Kittens, mchezo wa karata wa mzaha mtupu, ulichangiwa na watu zaidi ya 219,000 mwaka 2015, na Avatar Legends, mchezo wa kuigiza wahusika, ulipata dola milioni 9.5 mwaka 2021.

Kwetu sisi kutoa pesa mwanzo na kuona matunda baadaye si jambo la ajabu. Nani hajakaa kwenye kamati ya harusi? Nani hana shangazi anayecheza upatu? Lakini upatu unaucheza na jirani, na asipotoa zamu yake unajua mlango wa kwenda kugonga. Mimi nilikuwa nampa pesa mtu wa Wisconsin au wa Warszawa ambaye sikuwa na mlango wake.

Kuna shida nyingine ambazo mchangiaji wa London hazijui. Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo mbunifu anaweza kufungulia kampeni kwenye mtandao huo. Kuchangia unaweza, kuchangiwa huwezi. Halafu kuna usafirishaji. Kampeni nyingi hazipeleki mzigo Tanzania kabisa, na zinazopeleka hudai nauli inayokaribia bei ya mchezo wenyewe. Kwa hiyo michezo yangu hupita njia inayopita kila kitu cha Mzanzibari: inafikia kwa dada yangu Milton Keynes, inakaa chini ya kitanda mpaka ndugu na jamaa wapate konteina, kisha inasafiri baharini pamoja na mablanketi, masufuria ya umeme, baiskeli za watoto na friji iliyotumika. Ikifika Malindi inanuka sabuni ya kufulia ya Kiingereza.

Mmoja haujafika mpaka leo. Mwanzo mbunifu alikuwa akituandikia kila wiki. Ikawa kila mwezi. Kisha akatuletea picha ya sanamu moja iliyopakwa rangi nusu, akatuomba subira kwa sababu ya ugonjwa katika familia, na baada ya hapo kimya. Sikuudai, ningeudai wapi? Hata Marekani kwenyewe hali ni hiyo hiyo. Mwaka 2012 mtu mmoja alikusanya zaidi ya dola 122,000 kutoka kwa wachangiaji 1,246 kwa ajili ya mchezo uitwao The Doom That Came to Atlantic City, wakati alikuwa ameomba 35,000 tu. Mwaka uliofuata akatangaza kwamba mradi umekufa. Tume ya Biashara ya serikali ya nchi hiyo ilimfungulia shauri mwaka 2015, ikidai kwamba pesa alizitumia kwa kodi ya nyumba na mambo yake mwenyewe. Lilikuwa shauri la kwanza la aina hiyo kwa tume ile, na hukumu ya kulipa ikasitishwa kwa sababu hakuwa na kitu. Wabunifu wa mchezo, ambao nao aliwatia hasarani, walimpata mchapishaji mwingine aliyeutoa na kuwapelekea wachangiaji nakala zao kwa hisani.

Basi Gloomhaven ilikuwa ni katika yale yaliyofika salama, na ikanikalia. Mchezo wa watu wanne unataka watu wanne wale wale, usiku baada ya usiku. Mji Mkongwe una wachezaji wengi, lakini kila mtu ana baraza yake na mchezo wake: dhumna pale Jaws Corner, keram, karata, bao. Ukimwambia mtu aache dhumna ili asome kitabu cha kanuni cha Kiingereza cha kurasa zaidi ya 50, anakuangalia tu.

Niliyesoma naye Tunguu, pale Chuo Kikuu cha Taifa, sasa ni mwalimu wa skuli Makunduchi, kwao alikozaliwa. Alinipigia simu mwezi wa Juni. "Njoo nalo Mwaka," aliniambia. "Watu watapatikana. Na nyumba yetu mwaka huu haina mgeni."

Hilo la mgeni sikulielewa siku ile.

Gari za Makunduchi ni namba 310. Nililikumbatia boksi nikapanda, na utingo akalitazama kama ng'ombe anayetaka kupandishwa kwenye mtumbwi. "Hili linalipiwa, kaka. Hili gunia." Tulibishana kidogo, nikalipa. Halikuingia chini ya kiti, juu nisingekubali liwekwe, basi nikalipakata. Bibi aliyekaa pembeni yangu na kapu la mikate ya kumimina alivumilia mpaka Mwanakwerekwe, kisha akashindwa.

"Mwanangu, umebeba vigae?"

"Hapana bibi, mchezo."

"Mchezo wote huo?" Akanyamaza hadi Tunguu. "Wa nani?"

Nikamwambia wangu. Alinipa pole kwa macho.

Baada ya Tunguu nyumba zinapungua. Msitu wa Jozani ukatupokea kwa baridi yake, na dereva akapunguza mwendo kwenye matuta waliyoyaweka kwa ajili ya kima punju, ambao hapo huvuka barabara kama wenye mali. Kitogani tukaiacha njia ya Paje, tukashika ya Muyuni. Kutoka hapo ardhi si ile niliyoizoea ya mikarafuu na minazi mirefu. Ni uwanda: mawe ya matumbawe yaliyotokeza juu, vichaka, mashamba madogo ya mtama na mihogo yaliyozungushiwa ukuta wa mawe makavu kuzuia nguruwe. Watu wa huku walijifunza kulima katika mifuko ya udongo iliyo baina ya jiwe na jiwe. Kwenye njia panda ya Kizimkazi wakashuka wazungu wawili waliokuwa wakienda kutafuta pomboo. Sijui kama kuna aliyewaambia kwamba huko kuna msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107, ya kale kuliko karibu kila jengo waliloliona Mjini.

Makunduchi yenyewe ilinishangaza kwa majumba ya ghorofa. Unatoka vichakani, na mbele yako yamesimama mabloki ya enzi za msaada wa Ujerumani Mashariki, nguo zimeanikwa rosheni, mbuzi wamejilaza kivulini chini yake. Mwalimu alikuwa ananingoja kituoni na baiskeli. Tulilifunga boksi nyuma kwa mpira, tukaliongoza kwa miguu hadi kwao.

Mama yake alinipokea kwa furaha iliyozidi kiasi cha mimi kustahiki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, karibu, karibu mwanangu. Ahsante kwa kuja. Sasa na sisi tuna wetu."

Ndipo mwalimu akanieleza. Makunduchi, nyumba isiyo na mgeni siku ya Mwaka haionekani vizuri. Inaaminika kwamba si heri. Kwa hiyo watu hutafuta wageni, na mgeni asiye na mwenyeji hupata wenyeji watatu kabla hajauliza njia. Niliyefikiri naletewa watu wa kucheza mchezo wangu kumbe nilikuwa nimeitwa nikamilishe wao.

Mwaka Kogwa ni mwaka mpya wa jua, Nairuzi, unaonasibishwa na Washirazi. Una siku 365 kamili: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za ziada ziitwazo gatha. Hauna nyongeza ya siku katika kila mwaka wa nne kama kalenda ya ofisini, ndiyo maana tarehe yake inarudi nyuma polepole, siku moja kila miaka 4. Siku hizi unaangukia katika wiki ya tatu au ya nne ya Julai. Wakulima na mabaharia wa pwani walihesabia kwa miongo hiyo, wakajua lini kupanda na lini kutweka. Alfajiri watu wanakwenda kuoga baharini, na hapo ndipo sherehe ilipopata jina lake.

Mkusanyiko mkubwa hufanyika uwanja wa Kae Kuu. Tulifika jua limeshapanda na wanaume wa Kusini na wa Kaskazini walikuwa wameshajipanga, wengine wamevaa makoti mazito ya baridi, kofia za pikipiki, gauni za wake zao, matambara waliyojifunga kichwani. Mikononi vigogo vya migomba. Zamani, wazee wanasema, zilikuwa fimbo hasa. Kundi linasonga, linatukana, la pili linajibu. Matusi yenyewe yana ufundi: hayamtukani mtu kwa jina lake ila kwa upande wake, na kila mtu ana upande kwa sababu ya alikozaliwa. Kisha wanaingiliana. Kigogo cha mgomba kikimpata mtu mgongoni kinalia bwata, kinatoa maji, kinapasuka nyuzi nyuzi. Baada ya mapigo machache umebaki na kitu kama kamba mbichi, na huna budi kurudi nyuma kutafuta kingine. Nilimwona mwanamume wa makamo, ndevu zimeanza mvi, akimtafuta mtu mmoja maalumu katika umati. Alimpata. Wakapigana hadi vigogo vikaisha, wakashikana mikono, wakaondoka pamoja wakicheka. Mwalimu aliniambia wale walikuwa hawasemeshani tangu masika kwa sababu ya mpaka wa shamba.

Pembeni wanawake waliovaa vizuri kuliko harusini walikuwa wanapita wakiimba, na maneno mengine ya nyimbo zile nisingethubutu kuyarudia mbele ya mama yangu. Kisha kijumba cha makuti kikawashwa moto, watu wakakikimbilia kwa kelele, na wazee wakawa wanautazama moshi unaelekea wapi, maana kwao moshi una habari za mwaka unaoingia.

Nimesoma mengi kuhusu michezo ya kuigiza wahusika. Wamarekani huanzia historia yake mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons: watu wamekaa mezani, kila mmoja ni mtu asiyekuwa yeye, mmoja anasimamia kisa, na kanuni zinasema nani anaweza kufanya nini na mpaka wapi. Makampuni yanakusanya mamilioni ya dola kwa kuahidi vitabu vipya vya mchezo wa aina hiyo. Pale Kae Kuu niliona kila kipengele kipo. Pande mbili zipo, mavazi yapo, wasimamizi wazee wapo, silaha iliyochaguliwa iumize kidogo isijeruhi ipo, na mwisho unaojulikana na wote upo, kwamba jua likizama hakuna kinyongo kinachovushwa mwaka. Hakuna aliyeuziwa kitabu. Lakini gharama zipo, na zinachangwa: migomba imekatwa kwenye shamba la mtu, makuti yamesukwa na mtu, na kila nyumba imepikia watu isiowajua. Sisi tulikula wali wa nazi na pweza pamoja na vijana wawili wa Chake Chake ambao hakuna aliyejua wametokea wapi.

Siku ya pili tulifungua boksi.

Kulipanga tu kulichukua tangu baada ya alasiri hadi usiku. Watoto wa mtaa walijaa mkekani kuhesabu vinyago, na ilibidi mwalimu atumie sauti ya darasani. Wachezaji tulikuwa mwalimu, mdogo wake anayevua, shemeji yake anayelima mwani, na mimi. Shemeji alisema atakaa kidogo tu, chungu kiko jikoni. Alichagua mhusika mwizi.

Kisa cha kwanza ni kuingia kaburini kuwatafuta majambazi. Kila mzunguko mchezaji hutoa kadi mbili mkononi, anatumia juu ya moja na chini ya nyingine, na namba iliyo kwenye kadi ndiyo inayoamua nani aanze. Kanuni inakataza kutaja namba hiyo kwa wenzako. Unaruhusiwa kusema kwa ujumla tu. Nilipoitafsiri kanuni hii nilitegemea wataiona ya usumbufu. Shemeji alitabasamu. Mwanamke aliyekulia katika nyimbo za mafumbo hafundishwi kusema jambo bila ya kulitaja. "Mimi leo nimeamka na adhana," alisema, tukajua ataanza mapema sana. Mzunguko mwingine akasema: "Nasubiri maji yatoke." Mwani huvunwa maji yakishakupwa, kwa hiyo akaja wa mwisho, akamaliza jambazi ambalo sisi tulikuwa tumelichosha. Chungu kilishasahauliwa. Mimi niliyekuwa nimekisoma kitabu kile mara nyingi nikiwa peke yangu, nilikuwa mchezaji dhaifu kuliko wote pale mkekani.

Mara wakati wa kuingia chumba cha pili mlango wa nje ukabishwa hodi. Jirani, mzee, alikuja kuangalia kelele ya nini. Mwalimu akasimama kumpa kiti.

"Shikamoo babu."

"Marahaba." Akauinua ubao mmoja wa ramani, akaugeuza, akaugonga kwa ukucha. Karatasi ngumu. "Umeununua kiasi gani huu?"

Nikamwambia, na vile nilivyochangia mapema, ila nauli ya Milton Keynes nikaiacha.

"Na uliulipia kabla haujatengenezwa? Ulitoa pesa hujauona?"

"Ndiyo, babu."

Hakucheka. Alifikiri. "Fundi wa huku ukimpa zote mwanzo, humpati," alisema. "Mpe nusu." Kisha akamwambia mdogo wa mwalimu kwamba barazani wanamngoja, na mvuvi wetu akatuomba radhi akaenda zake kucheza bao. Tukafia chumba cha pili, watu watatu.

Asubuhi nilimfuata mzee barazani kwake. Bao lake limechongwa kwa gogo la mfenesi, limekuwa jeusi na kung'ara kwa mikono ya watu. Mistari minne, mashimo manane kila mstari, na nyumba zile mbili za mraba katikati. Kete ni komwe, zile mbegu za kijivu za mkomwe unaoota kando ya pwani, ngumu kama changarawe na laini kama yai la mjusi. Jumla 64. Kila mmoja anaanza na sita nyumbani na mbili mbili katika mashimo mawili ya kuliani mwake. 22 zilizobaki anakaa nazo ghalani, anazinamua moja moja. Nililijua bao la kujifunza la watoto. Bao la kiswahili hili, ambalo kete moja inaweza kuzaa mzunguko wa mbio wa dakika nzima ukila, ukirudi kichwani, ukila tena, na ukifika nyumbani uamue kulala au kusafiri, sikuwa nimewahi kulikalia. Mzee alinila kimyakimya. Alipokuwa akinamua alikuwa haangalii mashimo yake, alikuwa anaangalia yangu. Kete zake zilidondoka kwa mlio mmoja, tak tak tak tak, bila ya kusita, na ya mwisho iliangukia pale alipokuwa ameshapajua.

Mtaalamu wa Kiholanzi Alex de Voogt aliwahi kukaa na mabingwa wa Zanzibar na kuandika juu yao tasnifu aliyoitoa Leiden mwaka 1995, akichunguza akili ya binadamu inaweza kuona mbele kiasi gani katika mchezo huu. Nilimtajia mzee. Akasema wageni wa aina hiyo wanajua kuuliza. Kisha akalalamika jambo lililonishughulisha zaidi: vijana wanataka kucheza ila mabao yamekwisha. Lake lina ufa. La baraza ya pili limechukuliwa na mtalii kwa bei ambayo mwenyewe hakuweza kuikataa. Skulini hakuna hata moja.

Yaliyofuata ni ya mwalimu zaidi kuliko yangu. Tulikwenda kwa seremala siku ile ile, tukamwagiza mabao kumi ya skuli. Nikapendekeza tuchangishe kwa kanuni niliyoizoea: tutaje kiasi, tutaje siku, na kisipotimia kila mtu arudishiwe chake. Watu walishangaa. Katika michango yetu kilichopatikana hutumika hata kikiwa robo, ndiyo maana visima vingi vimeishia kwenye shimo kavu na majengo mengi yamesimama kwenye msingi. Ahadi ya kurudishiwa iliwafanya hata wagumu watoe. Mwalimu aliandika majina na kiasi katika daftari la mazoezi, akalipiga picha kila jioni na kulituma kwenye kundi la simu. Pesa zilitoka Makunduchi, Mjini, Milton Keynes. Mama wa mwalimu alitoa za mwani. Kiasi kilitimia kabla ya siku.

Seremala alichelewa. Bila shaka alichelewa. Mbao ya mfenesi haikukauka, kisha akapata harusi ya kuchongea vitanda. Tofauti ni kwamba kila Ijumaa baada ya sala mwalimu alikuwa anapita karakanani kwake, na mzee jirani pia, na shemeji alimpitia mkewe. Haikuhitajika tume ya biashara. Tulimpa nusu iliyobaki siku alipoleta bao la kumi, na hilo moja limepinda kidogo, linayumba likiwekwa sakafuni.

Michezo ya mtandaoni bado naichangia, mmoja mmoja, nikishajua nani nitakaa naye. Kule Abuja, Kenechukwu Ogbuagu ameonesha kupitia NIBCARD Games kwamba Mwafrika anaweza kubuni na kutengeneza michezo ya mezani nyumbani kwake bila ya kungoja nchi yake iingizwe katika orodha ya mtu. Gloomhaven iko Makunduchi. Shemeji amefika mbali kuliko nitakavyofika mimi.

Skulini mabao yapo, na watoto hucheza baada ya masomo. Kilichopungua ni kete. Mabao kumi yanataka komwe 640, na tulizonazo hazitoshi hata nusu, kwa hiyo mengine yanachezewa kwa kokoto. Mkomwe unaota kwenye vichaka vya pwani tangu Jambiani hadi Mtende, na ganda lake lina miiba, basi usiingie kwa mikono mitupu. Ukiokota za kutosha, mkabidhi utingo yeyote wa gari ya 310, umwambie ni za mwalimu wa bao. Zitafika.